Kusoma Mbele ya Kamera: Somo la Teleprompta Inayofuata Sauti



Ndugu zangu wanafunzi, somo la toleo hili linahusu kifaa. Najua mliozoea kurasa hizi mnatarajia fiqhi au tafsiri, lakini siku hizi jumuiya yetu inasema na watu kwa video kuliko kwa karatasi, na anayesema na watu anawajibika kwa kila neno linalomtoka. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, ili ambaye bado hajakosea apate funzo bila kulipa gharama niliyoilipa mimi.

Mwaka jana nilipewa kazi ya kurekodi darasa fupi la mirathi, la dakika sita. Niliandika skripti, mwalimu wangu akaipitia, ikawa sahihi neno kwa neno. Nikaiweka kwenye programu ya simu inayopandisha maandishi kwa kasi uliyoipanga wewe mwenyewe, nikasimama mbele ya kamera nikaanza kusoma. Katikati koo likanikauka. Nikameza mate, nikavuta pumzi. Maandishi hayakunisubiri. Nilipotaka kuendelea nikadaka mstari ulionijia machoni, nikausoma kwa sauti ya mtu anayejiamini.

Nilikuwa nimeandika hivi: mke hupata robo ikiwa marehemu hakuacha mtoto, na akiwa ameacha mtoto mke hupata thumni, yaani moja ya nane, hayo yote ni baada ya kulipwa madeni na kutekelezwa wasia. Nilichokisema mbele ya kamera ni kwamba mke hupata robo, baada ya kulipwa madeni na kutekelezwa wasia. Mstari wa katikati ulikuwa umeshapanda juu na kupotea. Tuliporudia kuitazama video tuliangalia mwanga na sauti tu. Hakuna aliyeshika skripti mkononi.

Wiki tatu baadaye shangazi yangu alinipigia simu kutoka Bujumbura. Mumewe alikuwa amefariki miezi michache nyuma, ameacha watoto wanne.

"Assalaam alaykum, shangazi."

"Waalaykum salaam, mwanangu. Nakuuliza jambo, usinifiche. Ile robo uliyoisema kwenye video, mbona shemeji zangu wananihesabia thumni?"

Sikuwa na la kumjibu kwa haraka. Shemeji zake walikuwa sahihi, kwa sababu marehemu aliacha watoto. Lakini shangazi alikuwa ameshakaa kwenye kikao cha ukoo, akawaambia wazee wa watu kwamba wanamdhulumu mjane, na kwamba mtoto wake anayesoma dini chuo kikuu ndiye aliyesema. Shemeji mkubwa alinyanyuka akaondoka kikaoni. Tuliifuta video siku ileile, lakini nakala zilikuwa zimeshatumwa kutoka simu hadi simu, na za namna hiyo hazirudishwi.

Kuanzia hapo nikaanza kujifunza jambo hili kwa makini. Haya ndiyo niliyoyapata.

1. Teleprompta ni nini, na ilitoka wapi

Teleprompta ni kifaa kinachomwonyesha msemaji maneno yake huku macho yake yakibaki kwenye kamera. Ilibuniwa Marekani mwaka 1950. Mwigizaji Fred Barton alikuwa na shida inayofahamika: katika televisheni ya wakati ule mengi yalirushwa moja kwa moja, na mwigizaji alitakiwa kukariri maneno mapya kila mara. Akashirikiana na Irving Kahn na mhandisi Hubert Schlafly. Kifaa chao cha mwanzo kilikuwa karatasi ndefu iliyoviringishwa, ikizungushwa na mota, ikiwa imepachikwa ndani ya nusu ya sanduku la safari. Mwaka 1952 Herbert Hoover, rais mstaafu, alikitumia akihutubia mkutano mkuu wa chama cha Republican mjini Chicago, na tangu hapo wanasiasa hawakukiacha.

Kifaa cha studio unachokiona leo hufanya kazi hivi. Mbele ya lenzi huwekwa kioo kilicholazwa kwa mshazari. Chini yake huwekwa skrini yenye maandishi yaliyogeuzwa, kama unavyoyaona maandishi kwenye kioo cha kujitazamia. Kioo kile huyaakisi maandishi kumwelekea msemaji, yakawa yamenyooka, na wakati huohuo huruhusu picha ya msemaji ipite hadi kwenye lenzi. Nyuma ya kioo, pande zote za lenzi, hufunikwa kitambaa cheusi ili mwanga wa nyuma usiingie. Ndiyo maana mtangazaji wa habari anaonekana kama anakutazama wewe, kumbe anasoma.

Sisi wanafunzi hatuna studio. Tuna simu. Kwenye simu maandishi hupita juu ya skrini karibu na kamera ya mbele, na programu hiyohiyo mara nyingi hurekodi. Msingi ni uleule: maneno yawe karibu na lenzi kadiri inavyowezekana.

2. Nani anayapandisha maandishi?

Hili ndilo swali lililonigharimu, na majibu yake ni matatu.

Jibu la kwanza ni mtu. Katika studio kubwa huwepo mtu ambaye kazi yake ni kumsikiliza msemaji na kuzungusha kitufe kwa mwendo wa sauti yake. Msemaji akinyamaza, naye hutulia. Huo ndio mpango bora, lakini unahitaji mtu mzoefu.

Jibu la pili ni saa. Unapanga kasi, maandishi yanakwenda. Hii ndiyo niliyoitumia. Ubaya wake ni kwamba wewe ndiye unayeifuata mashine. Ukikohoa inakwenda. Ukitaka kulikazia neno inakwenda. Baada ya dakika mbili sauti yako yote inakuwa ya mwendo mmoja kama ya mtu anayekimbizwa.

Jibu la tatu ni sauti yako mwenyewe. Hii ndiyo teleprompta inayofuata sauti. Maikrofoni inakusikia, na programu ya kutambua maneno inakisia ulichotamka. Kisha inayalinganisha makisio hayo na skripti, hasa sehemu iliyo karibu na pale ulipofikia. Ikipata maneno yanayofanana, inasogeza maandishi ili mstari unaofuata uje mbele ya macho yako. Usiposema kitu, haina cha kulinganisha, inasimama. Ukitoka nje ya skripti ukatoa mfano uliokujia kichwani, maneno yako hayafanani na kilichoandikwa, basi inakungoja palepale ulipoachia. Ukirudi kwenye sentensi inayofuata, inakutambua na kuendelea.

Faida yake ni kubwa. Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, ametueleza kwamba maneno ya Mtume, rehema na amani zimshukie, yalikuwa ya utulivu kiasi kwamba aliyetaka kuyahesabu angeweza. Imepokewa na Bukhari. Kifaa kinachokungoja kinakupa nafasi ya kusema kwa utulivu. Kinachokukimbiza kinakunyima.

3. Mahali inapokosea

Baada ya yale ya shangazi nilidhani nimepata dawa. Nikaiweka skripti ileile ya mirathi kwenye programu inayofuata sauti, nikajaribu chumbani. Ikaniangusha mara nne katika dakika sita. Nimeyaandika makosa hayo kwa mpangilio, kwa sababu kila moja lina sababu yake na njia ya kuliepuka.

Kosa la kwanza ni kuruka. Nilipofika kwenye maneno ya kulipa madeni na kutekeleza wasia, maandishi yaliruka aya nzima yakaenda sehemu nyingine yenye maneno yaleyale. Aliyehifadhi Qur'ani atalielewa jambo hili kuliko fundi wa kompyuta. Ni mutashaabihaat. Katika Surat An-Nisaa aya ya 12, maneno ya wasia na deni yamekuja mara tatu, na katika aya ya 11 iliyotangulia yamekuja mara moja. Anayesoma kwa hifadhi akifika hapo bila kuwa macho, ulimi unaweza kumpeleka mahali pengine na akaendelea bila kujua. Mashine nayo ni hivyohivyo: inashika maneno machache, na maneno hayo yakiwepo mahali pawili inaweza kuchagua pasipo pake.

Dawa yake ni ileile wanayoitumia walimu wa hifadhi: kila mahali penye kufanana pawekewe alama yake. Nilizibadilisha sentensi zangu. Kwa mume niliandika "deni likishalipwa na wasia ukishatekelezwa." Kwa mke niliandika "baada ya wanaodai kupata haki yao, na baada ya wasia." Maana ni ile, maneno tofauti. Mruko ukakoma.

Kosa la pili ni Kiarabu. Skripti zetu zina aya, dua na istilahi. Programu ikipangwa kusikia Kiswahili, aya kwake ni kelele tu. Mara nyingi itasimama, na hilo si baya. Ubaya ni pale inapodhani imesikia neno la Kiswahili ikasogea. Jambo lingine, mwandiko wa Kiarabu huenda kutoka kulia kwenda kushoto, na ukiuchanganya ndani ya mstari wa Kiswahili, maneno yanaweza kupangwa vibaya kwenye skrini. Mtu asiweke aya ya Qur'ani kwenye skrini inayoweza kuivuruga kisha akaisoma kama inavyoonekana. Mimi sasa siandiki aya kabisa kwenye skripti. Naandika mstari mmoja peke yake, "Soma An-Nisaa 12," halafu naisoma kwa hifadhi, au nikiwa na mas-hafu mkononi mbele ya kamera, na hilo halina aibu. Nikimaliza, sentensi inayofuata inaanza na maneno ambayo hayapo mahali pengine popote, ili mashine inipate mara moja.

Kosa la tatu ni tarakimu na vifupisho. Ukiandika 1/8 halafu ukatamka "thumni," mashine inaweza isione uhusiano wowote. Andika unavyotamka. Andika "moja ya nane" kama ndivyo utakavyosema. Andika rehema na amani kwa Mtume kwa ukamilifu, usiandike herufi tatu zenye nukta; na hili lina faida ya pili, kwani macho yakiona kifupisho ulimi nao hukifupisha.

Kosa la nne ni ulimi wangu. Nimekulia Buyenzi, lakini mama ni mtu wa Gitega na nyumbani tulisema Kirundi. Nikisema kwa haraka, l yangu inageuka r. Nilipotamka "mali" mashine ilisikia "mari," ikasimama kama punda aliyekataa kuvuka mto. Rafiki zangu Waganda nao wana l na r zao, na Wakongo wana lafudhi yao. Programu za kutambua maneno hufundishwa kwa sauti za watu waliorekodiwa, na ambaye watu wa kwao hawakurekodiwa kwa wingi atasikika vibaya. Google iliongeza Kiswahili kwenye uandishi wa sauti mwaka 2017, na humo unachagua Kiswahili cha Kenya au cha Tanzania. Sisi wengine tunachagua kilicho jirani zaidi na ulimi wetu. Kuna pia mradi wa Common Voice wa Mozilla, ambamo watu wa kawaida hujitolea kusoma sentensi ili lugha zao zipate akiba ya sauti. Kiswahili kimo, Kiganda kimo, na Kinyarwanda ni miongoni mwa lugha zilizokusanyiwa saa nyingi sana. Mwanafunzi mwenye nusu saa na simu anaweza kutoa sauti yake humo, na lafudhi yake ikawa imehesabiwa.

Wakati huohuo nilimkumbuka Wasil bin Ata. Al-Jahidh, katika kitabu chake Al-Bayan wat-Tabyin, anaeleza kwamba Wasil, aliyefariki mwaka 131 Hijria, hakuweza kuitamka herufi raa sawasawa, basi akazoea kuhutubia bila kuitumia, akichagua neno lingine lenye maana ileile kila mara. Mimi si Wasil, na katika itikadi sifuati njia yake, lakini ufundi ni ufundi. Palipokuwa na "mali" niliandika "alichoacha marehemu." Mashine ikavuka mto.

4. Kosa ambalo mashine haiwezi kukuonyesha

Hapa ndipo nataka msomaji asimame kidogo.

Katika kujaribu, siku moja nilikosea kwa makusudi. Palipoandikwa "ikiwa marehemu hakuacha mtoto" nikasoma "ikiwa marehemu ameacha mtoto." Hukumu imegeuka juu chini. Maandishi yaliendelea kupanda bila wasiwasi wowote.

Sababu iko wazi ukishajua inavyofanya kazi. Programu hii inatafuta ulipo, haikagui usemacho. Imeundwa ivumilie neno moja moja linalokosewa, kwani bila uvumilivu huo ingesimama kila mara mtu anapojikwaa ulimi. Katika Kiswahili, kukanusha hukaa ndani ya neno, mwanzoni mwake: ameacha, hakuacha, atarithi, hatarithi. Silabi moja inabeba hukumu nzima, na silabi hiyo mashine inaweza kuipita kama kokoto ya njiani.

Kwa hiyo teleprompta inayofuata sauti ingeliondoa kosa langu la kwanza, la kuachwa nyuma na maandishi. Isingeondoa kosa la kusoma vibaya. Kwa hilo hakuna kilichopatikana bora kuliko kile ambacho madrasa zetu zimekuwa nacho siku zote: mtu wa kukusikiliza. Unaposoma hifadhi yako kwa mwalimu, yeye hushika mas-hafu wewe ukisoma. Fanya vilevile. Mwenzako ashike skripti iliyochapwa, afuate kwa kidole, atie alama kila neno linalotofautiana. Kisha mkimaliza kurekodi, aitazame video akiwa na karatasi ileile. Sisi hatukufanya hivyo, na mjane akasimama kikaoni kwa hoja isiyokuwepo.

5. Kujiandaa hatua kwa hatua

Ukiwa na kazi ya kurekodi, fuata mpangilio huu.

Kwanza, andika kwa ajili ya mdomo. Sentensi iwe na jambo moja. Soma kwa sauti unapoandika. Ukikosa pumzi kabla ya nukta, ikate. Hukumu na sharti lake viwe kwenye sentensi moja fupi, sharti likitangulia: "Marehemu akiwa ameacha mtoto, mke hupata thumni." Laiti ningeandika hivyo tangu mwanzo, hata maandishi yangekimbia, robo isingebaki uchi bila sharti lake.

Pili, pima muda wako mwenyewe. Soma skripti kwa dakika moja kwa utulivu, hesabu maneno, ugawe. Usichukue hesabu za vitabu vya Kiingereza, kwani neno moja la Kiswahili hubeba yale ambayo lugha nyingine huyasema kwa maneno matatu au manne, na idadi kwa dakika haiwezi kuwa sawa.

Tatu, panga skrini. Herufi ziwe kubwa, mistari iwe mifupi, maneno machache kila mstari. Mstari mrefu huyafanya macho yatembee kushoto na kulia, na mtazamaji huyaona. Ukiisimamisha simu wima, lenzi iko juu, basi mstari unaosomwa uwe juu kabisa. Ukiilaza, lenzi inakwenda ubavuni, na utaonekana unamtazama mtu aliyesimama pembeni. Sogeza maandishi upande wa lenzi.

Nne, umbali. Ukisimama mbali kidogo na simu, mwendo wa macho hauonekani sana. Lakini ukiwa mbali, maikrofoni ya simu inakusikia vibaya, na kifaa hiki kinaishi kwa kusikia. Suluhisho ni kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye kanzu au mtandio, chenye waya wa kutosha. Zima feni, funga dirisha, usirekodi wakati wenzako wanazungumza mlango wa pili, kwani maneno yao nayo yataingia kwenye hesabu.

Tano, jua sauti yako inakwenda wapi. Baadhi ya programu hutambua maneno ndani ya simu. Nyingine huipeleka sauti kwenye kompyuta za mbali kupitia intaneti. Hizi za pili zina mambo mawili: bando likikatika katikati ya sentensi, maandishi husimama, na unachosema kinafika kwa watu usiowajua. Darasa la wazi halina siri. Lakini usifanyie mazoezi humo ushauri wa ndoa ya mtu au mgogoro wa familia uliokuja kwako kama amana.

Sita, jaribu kabla ya siku ya kurekodi, kwa simu ileile na mahali palepale. Baadhi ya simu hazikubali programu mbili kutumia maikrofoni kwa wakati mmoja. Ikiwa yako ni hivyo, tumia programu moja inayoonyesha maandishi na kurekodi pamoja, au tumia simu mbili.

Saba, weka karatasi mezani. Tarehe 22 Septemba 1993 Rais Bill Clinton alisimama mbele ya Bunge la Marekani kuzungumzia mpango wa afya, akakuta kwenye teleprompta hotuba nyingine ya miezi iliyopita. Aliendelea kusema kwa dakika saba hivi bila msaada wa kifaa, hadi hotuba sahihi ilipowekwa, na wengi waliokuwa wakimtazama hawakugundua. Aliweza kwa sababu jambo lenyewe alikuwa analijua.

6. Mtihani wa kuzima

Hilo la mwisho linanileta kwenye swali ambalo wenzangu katika halaka waliniuliza: je, si udanganyifu kumtazama mtu machoni huku unasoma?

Kusoma kutoka kwenye maandishi si aibu, na makhatibu wengi husoma khutba zao kwenye karatasi mbele ya watu. Tofauti ni kwamba karatasi inaonekana, ilhali teleprompta imefichwa. Anayekutazama machoni akisema bila kusita anakufanya uamini kwamba elimu hiyo iko kifuani mwake. Shangazi yangu hakuamini skripti. Aliamini macho yangu. Ningekuwa nimeshika karatasi na kubabaika, pengine angeuliza kabla ya kwenda kikaoni.

Kwa hiyo nimejiwekea sharti, nanyi liangalieni kama linawafaa. Kabla ya kurekodi, nazima kifaa na kulieleza somo lote kwa mwenzangu mmoja, kwa maneno yangu, bila kusoma. Nikiweza, basi kifaa kinanisaidia kupanga ninachokijua, na macho yangu hayasemi uongo. Nikishindwa, sijawa tayari, na hakuna programu itakayonifanya niwe tayari. Nabii Musa, amani imshukie, alipotumwa kwa Firauni aliomba kwanza akunjuliwe kifua chake, ndipo akaomba fundo la ulimi lifunguliwe, kama ilivyo katika Surat Taha kuanzia aya ya 25. Kifua kilitangulia ulimi.

Hitimisho

Nilirekodi upya darasa la mirathi. Safari hii mwenzangu alishika skripti, na tulirudia sehemu ya mke mara tatu kwa sababu mara mbili nilimeza silabi. Mwanzoni mwa video nilisema wazi kwamba ile ya kwanza ilikuwa na kosa, kosa lenyewe ni lipi, na kwamba ni langu. Nilimpigia shangazi kabla haijatoka. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Basi mwanangu, waambie na shemeji zangu kwa mdomo wako, maana mimi nilisema kwa mdomo wangu." Nikampigia shemeji mkubwa. Yale mazungumzo hayakuwa na teleprompta.

Kwa halaka ya wiki hii, chukueni skripti moja ya dakika mbili mjadiliane haya:

Sentensi zipi zinafanana kiasi cha kuifanya mashine iruke? Ziandikeni upya bila kubadilisha maana.

Ni neno gani ambalo silabi yake moja ikibadilika hukumu inageuka? Litieni alama kwa rangi, na msikilizaji wenu alisubiri.

Kila mmoja alieleze somo hilo kifaa kikiwa kimezimwa. Atakayekwama, arudi kwenye kitabu kabla ya kurudi kwenye kamera.

Wabillahi tawfiq.